Nikigeukia kulia, chumba chote kinazunguka

SWALI

Dada mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 54, nakaa Mbagala, nina watoto wanne na wajukuu wawili. Nakaanga vitumbua na kuuza chai karibu na kituo cha daladala. Kazi hii niliianza mwaka ule mwanangu wa mwisho alipoingia darasa la kwanza, na sasa ameshamaliza chuo, kwa hiyo usinione mtu wa kuuguaugua. Kila siku naamka saa tisa usiku, nawasha jiko, na saa kumi na moja wateja wa kwanza wananikuta tayari.

Wiki tano zilizopita niliamka kama kawaida, nikageukia upande wa kulia niifikie simu nizime kengele. Dada yangu, kitanda kilipinduka. Sisemi kwamba kichwa kiliuma wala kwamba niliona giza, la. Chumba kilizunguka. Dari, neti, dirisha, vyote vinakwenda upande mmoja kama pangaboi. Nilishika godoro kwa mikono miwili nikapiga kelele. Mume wangu akawasha taa akanikuta nimekodoa macho, na anasema mboni zangu zilikuwa zinachezacheza zenyewe. Kisha kikatulia. Nikatapika.

Tangu siku hiyo, nikilalia kulia tu, kinakuja. Nikilalia kushoto hakuna kitu. Nikiinua kichwa kutoa unga kwenye rafu ya juu, kinakuja. Nikiinama kupuliza mkaa, mara nyingine kinakuja. Nikikaa wima nikaongea na wateja ni mzima, ila miguu haiiamini ardhi, kama mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye boti ya Zanzibar.

Kazi yangu ni ya kuhesabu, basi nikaanza kuhesabu. Nikishageuka, moja mpaka nne au tano hakuna kitu, ndipo kinaanza. Kinakuwa kikali, na nikifika ishirini na tano au thelathini kimekwisha. Nikirudia palepale mara ya pili kinakuja, lakini hakina nguvu kama mara ya kwanza.

Nimekwenda zahanati moja. Presha 130 kwa 80, malaria hakuna, sukari sawa. Kijana aliyenipima akaniandikia vidonge vya kizunguzungu akasema, "Mama, una mawazo, jitahidi kupunguza." Vidonge vinanilaza tu. Juzi nilisinzia mbele ya jiko, chuma kizima cha vitumbua kikaungua.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mume wangu anaogopa kiharusi, maana kaka yake alianguka hivihivi alfajiri na hakuinuka. Wifi yangu anasema ni jicho la mtu, kwa kuwa kuna jirani amefungua vitumbua vyake hatua chache kutoka kwangu. Ameshapata mganga huko Kisarawe anayetaka kuku wawili na shilingi 150,000. Binti yangu anataka niache kukaanga, anasema iko siku nitaangukia mafuta. Mimi usiku nalala nimekaa kwenye kiti.

Naomba uniambie: ni kiharusi? Ni mkono wa mtu? Niache kazi?

Mkaanga vitumbua, Mbagala

JIBU

Mama, pole sana, na ahsante kwa kuhesabu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye ile hesabu: nne au tano za ukimya, kisha thelathini za mzunguko, na mara ya pili nguvu inapungua. Nimefanya unesi miaka mingi kwenye kliniki ya masikio, na neno "kizunguzungu" nimelisikia kila siku ya kazi. Ni neno lililobebeshwa mizigo mingi mno. Mtu mwenye njaa analisema, aliyepungukiwa damu analisema, anayeona giza akisimama analisema, mwenye hofu analisema. Wewe umeandika kitu kimoja bila kukichanganya na kingine: chumba kinazunguka, nikilala upande huu, kwa muda huu. Daktari anayejua masikio akiyapata maneno hayo, ameshajua pa kuanzia.

Nianze na kile kinachokunyima usingizi. Maelezo yako hayafanani na kiharusi. Yanafanana sana na tatizo la sikio la ndani linalotokana na chembe ndogo za chokaa kutoka mahali pake. Linatibika, na mara nyingi tiba yake hufanyika kitandani kwa kukugeuza kichwa, bila kisu wala sindano. Mimi sijakuona kwa macho, kwa hiyo lazima upimwe kabla hatujalithibitisha. Lakini nataka ukienda, uende ukiwa unaelewa kinachoendelea ndani ya kichwa chako, maana tayari umeambiwa una mawazo, na sitaki urudishwe nyumbani na neno hilo tena.

Chukua bakuli la maji, uangushie majani machache ya chai yaelee juu. Liweke mezani, uanze kulizungusha polepole kwa mkono. Yatazame majani. Bakuli limegeuka, yenyewe yamebaki palepale, kwa sababu maji huchelewa kufuata. Endelea kuzungusha kwa mwendo uleule, na baada ya muda maji nayo yatashika mwendo, majani yatazunguka pamoja na bakuli kana kwamba ni kitu kimoja. Sasa lisimamishe ghafla. Bakuli limetulia, majani bado yanakwenda.

Sikio lako linajua kwamba umegeuka kwa njia hiyohiyo. Ndani kabisa, kwenye mfupa mgumu nyuma ya ngoma ya sikio, jirani na sehemu inayosikia sauti, kuna mirija mitatu iliyopinda kama pete. Ni midogo mno: pete moja ina upana wa milimita sita hivi, kama punje ya mbaazi, na njia ya ndani ya mrija ni nyembamba kama uzi. Imejaa majimaji. Mirija hiyo haikulala upande mmoja. Tazama kona ya chumba, pale sakafu inapokutana na kuta mbili: kila mrija umekaa kwenye uso wake, karibu kabisa na mpangilio huo. Ndiyo maana ukitikisa kichwa kusema hapana, ukikiinamisha kusema ndiyo, au ukikilaza begani, daima kuna mrija unaoguswa zaidi ya wenzake.

Mwisho mmoja wa kila mrija umevimba kidogo, na hapo kuna utando laini kama jeli uliosimama ukaziba njia, mfano wa pazia mlangoni. Mizizi ya pazia hilo ni vinyweleo vya chembe hai zilizoungana na mshipa wa fahamu. Kichwa kikigeuka, mrija unageuka nacho papo hapo kwa kuwa umo ndani ya mfupa, ila majimaji yanachelewa kama yale ya bakuli. Yanalisukuma pazia, vinyweleo vinapinda, ubongo unaarifiwa. Hata ukiwa umetulia, masikio yote mawili yanatuma ishara bila kukoma. Ukigeukia kulia, sikio la kulia linazidisha na la kushoto linapunguza. Ubongo haumsikilizi mmoja peke yake, unalinganisha habari za wote wawili.

Watoto wanaujua mchezo huu bila kufundishwa. Wanafungua mikono uwanjani, wanazunguka, wanazunguka, kisha wanasimama na kuanguka wakicheka. Wakati wanaanza, majimaji yalichelewa na pazia likapinda. Walipoendelea kwa mwendo uleule, majimaji yakawafikia, pazia likaanza kurudi wima. Waliposimama, majimaji yakaendelea na safari, yakalisukuma pazia upande wa pili, na ubongo ukaambiwa "sasa tunazunguka kinyume", wakati miguu imesimama mchangani. Ndiyo maana dunia inawazungukia. Mirija hii hupima mwendo unaobadilika. Mwendo ambao hauongezeki wala haupungui, baada ya nusu dakika hivi hauhisiwi tena kama umefumba macho. Hapa tulipo Dar es Salaam, ardhi inatubeba kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na hakuna hata kikombe cha chai kinachomwagika, wala sikio halisemi lolote.

Jambo ambalo mume wako aliliona, macho kuchezacheza, ni ushahidi mzuri, naomba asilisahau. Mwambie binti yako ashike simu mbele ya uso, asome ujumbe wowote huku akitikisa kichwa kusema hapana, haraka kidogo. Ataweza kusoma. Kisha kichwa kitulie, atikise simu kwa kasi ileile. Maandishi yatavurugika. Tofauti hiyo inatokana na mirija ya sikio: kila kichwa kinapogeuka, inaamuru macho yageuke upande wa pili kwa kiasi kilekile, na amri hiyo inafika katika takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, kabla wewe mwenyewe hujafikiri. Bila hiyo usingeweza kusoma kibao cha daladala ukiwa unatembea. Sasa, sikio likidanganyika kwamba kichwa kinazunguka, macho nayo yanatii. Yanakwenda polepole upande mmoja na kurushwa haraka kurudi, tena na tena. Ndiyo maana ulikiona chumba kikizunguka hasa. Mtu mwenye mawazo hawezi kujifanyia hivyo kwa kuwaza.

Nani basi amelidanganya sikio lako?

Kando ya ile mirija mitatu kuna vifuko viwili vyenye kazi nyingine. Vyenyewe vinahisi uzito na mwendo wa kunyooka: basi la mwendokasi linapoondoka kituoni ukavutwa nyuma, au kichwa kinapolala upande. Juu ya utando wao zimetandazwa chembe za chokaa, kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kinachojenga matumbawe na magamba ya konokono wa pwani kwetu. Kubwa kabisa hazizidi sehemu tatu za mia za milimita. Zimewekwa hapo makusudi ili ziwe nzito, zielemee upande kichwa kinapoinama. Umri ukisogea, hasa baada ya miaka hamsini, na kwa wanawake kuliko wanaume, baadhi huachia. Pigo la kichwa pia huziachisha. Mara nyingi sababu haijulikani. Zikiachia, zinaweza kuteleza na kuingia kwenye mrija, na mrija unaopokea zaidi ni ule wa nyuma, kwa kuwa ndio unaokaa chini ukiwa umelala.

Turudi kwenye hesabu yako. Unageukia kulia, mrija wa sikio la kulia unabadilika mkao, chembe zinaanza kuteremka. Hazifiki papo hapo, ndiyo nne au tano zako za ukimya. Zinapoteremka zinayakokota majimaji, majimaji yanalisukuma pazia, na ubongo unapokea habari ya mzunguko ambao haupo. Chembe zikifika chini zinatulia, pazia linanyooka, na hapo wewe umefika thelathini. Ukirudia, zimeshatawanyika, hazivuti pamoja, ndiyo maana nguvu inapungua. Umekaa gizani peke yako na hofu yote ile, ukaupima mwendo wa chembe usizoweza kuziona. Mimi nimefurahi sana kusoma hivyo.

Mume wako asijione mjinga kwa kuwaza kiharusi. Madaktari wenyewe waliwaza hivyo kwa muda mrefu. Mpaka katikati ya karne ya 19 huko Ulaya, mtu aliyeshikwa na kizunguzungu kikali na kutapika aliambiwa damu imejaa kwenye ubongo. Mwaka 1861, daktari mmoja wa Paris, Prosper Ménière, aliyekuwa akiwahudumia viziwi, ndiye aliyesimama akasema chanzo kinaweza kuwa sikio.

Na kuna kisa kimoja ninachokipenda kwa sababu nilikuwa nakiishi kila siku kazini. Tulipokuwa tunasafisha masikio kwa maji, tulisisitiziwa maji yawe na joto la mwili. Yakiwa ya baridi, mgonjwa anashika kiti na kusema anazunguka. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa Vienna, Robert Bárány, aliona hivyo kwa wagonjwa wake, tena akaona kwamba maji ya baridi yanayachezesha macho upande mmoja na ya moto upande mwingine. Akaelewa kuwa ubaridi unayafanya majimaji ya mrija yawe mazito yateremke, na joto linayapandisha, hivyo yanatembea na kichwa hakijagusika. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zilimkuta akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Unaona, mama? Majimaji yakisogezwa na ubaridi, au na chembe, ubongo hauna namna ya kujua tofauti. Unaamini umezunguka.

Sasa uende wapi. Kwa kuwa uko Mbagala, anzia hospitali ya rufaa ya Temeke, uombe kuonana na daktari wa masikio, pua na koo, au upewe rufaa ya Muhimbili, ambako wana idara yake. Usiseme "nina kizunguzungu" ukanyamaza. Sema kama ulivyoniandikia: chumba kinazunguka nikilalia kulia na nikiangalia juu, kinaanza baada ya sekunde nne au tano, kinakwisha ndani ya nusu dakika, sisikii kelele mpya masikioni, sijapoteza usikivu, kama ndivyo ilivyo. Na mume wako aende nawe aeleze habari ya macho.

Daktari atakukalisha kitandani, atakugeuza uso kulia kiasi cha nusu ya kugeuka kabisa, kisha atakulaza chali haraka, kichwa kikiwa kimening'inia kidogo nje ya ukingo, huku anayatazama macho yako. Kizunguzungu kitakuja. Usiogope na usifumbe macho, hicho ndicho anachokitafuta. Kipimo hiki kilielezwa London mwaka 1952 na Margaret Dix na Charles Hallpike, na hadi leo hakihitaji mashine yoyote.

Akithibitisha, tiba inaendelea hapohapo. Ukiwa bado umelala, kichwa kulia, mnasubiri mpaka kitulie na nusu dakika zaidi. Kisha anakigeuza kichwa polepole hadi upande wa kushoto, mnasubiri tena. Kisha mwili mzima unalalia ubavu wa kushoto, uso ukielekea sakafuni, mnasubiri. Mwisho unaketi, kidevu kimeinama. Kila hatua inazisogeza chembe kuuzunguka mrija mpaka zinatokea upande wa pili na kuanguka kwenye kifuko zilikotoka, ambako hazisumbui. Kama unavyolizungusha karai ili punje iliyonasa kando ishuke katikati, ndivyo. Aliyeibuni ni daktari wa Marekani, John Epley, wa Portland. Alianza kuieleza mwaka 1980, na wenzake wengi hawakumwamini kwamba ugonjwa unaotesa watu miezi unaweza kuisha kwa kugeuza kichwa. Ripoti yake kubwa ilichapishwa mwaka 1992, na leo inafundishwa kila mahali. Wengi hupona kwa mara moja au mbili. Nimewashuhudia watu walioingia wakishikiliwa na watoto wao wakitoka wanatembea wenyewe, wengine wakilia.

Usijifanyie mwenyewe mara ya kwanza kwa kufuata maelezo yangu. Upande na mrija lazima vijulikane, na mwenye shida ya shingo hugeuzwa kwa namna nyingine. Baadaye daktari au mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukufundisha ufanye nyumbani, maana kwa watu wengine chembe huachia tena baada ya miezi au miaka. Baada ya tiba unaweza kuhisi mwili mwepesi na miguu isiyotulia kwa siku chache. Hilo hupita, na kutembeatembea huliharakisha.

Vile vidonge havizirudishi chembe mahali pake. Vinapunguza kichefuchefu, na kwa siku moja mbili mbaya vina msaada, lakini kuvimeza wiki baada ya wiki kunakulaza na kunauchelewesha ubongo kujirekebisha. Muulize daktari kuhusu kuviacha. Kijana wa zahanati alifanya vema kupima presha, sukari na malaria. Kosa lake ni kwamba hakukuuliza kinazunguka nini, lini, na kwa muda gani. Nawaomba wote wanaovaa koti jeupe na wanasoma safu hii: maswali hayo matatu hayagharimu hata shilingi.

Nieleze pia kiharusi chenyewe, kwa ajili ya mume wako na kila anayesoma. Kizunguzungu kinachokaa saa nzima au siku nzima bila kuachia hata umetulia, kuona vitu viwiliviwili, mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kukosa nguvu, kushindwa kabisa kusimama, kichwa kuuma ghafla kwa namna ambayo hujawahi kuijua, au sikio kuziba usikivu kwa ghafla: lolote kati ya haya, usisubiri kukuche, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na anayezimia au kuona giza, huyo apimwe moyo na damu, shida yake haimo kwenye mirija hii.

Swali moja hukuligusa, nami naliuliza kwa tahadhari: umewahi kuchomwa sindano za jentamaisini au streptomaisini kwa siku nyingi? Dawa hizo zimeokoa maisha ya wengi, lakini zinaweza kuviua vile vinyweleo vya sikio la ndani, na vikifa haviwezi kutegemewa kuota tena. Dalili zake si kama zako. Mtu huyo hayumbi akilala, anayumba akitembea gizani, na kila hatua anaona barabara inarukaruka. Kama kuna msomaji wa namna hiyo, naye aende kliniki ya masikio.

Wifi yako anakupenda, na hofu yake usiidharau. Dua muombeane, swala au sala, hakuna daktari anayezuia hilo. Lakini mweleze hesabu yako. Kitu kinachokuja kwa kulalia kulia tu, baada ya sekunde zilezile, kikaisha kwenye thelathini ileile, kina kanuni, na kanuni yake inajulikana. Jirani yako aliyefungua vitumbua hana mkono kwenye sikio lako. Msalimieni asubuhi kama kawaida. Shilingi 150,000 zibaki nyumbani, zilipie nauli na kumwona daktari, na kuku watage.

Kazi usiiache. Ila binti yako ana hoja kuhusu mafuta, na kwa wiki hizi chache mpe nafasi akusaidie. Liinue jiko juu ya matofali usiwe unainama, yeye ndiye apepee mkaa na kumimina mafuta, wewe kaa wima ugeuze vitumbua. Unga uteremshe kutoka rafu ya juu uwe usawa wa kiuno. Usipande kigoda, usipande bodaboda. Alfajiri, simu iwekwe upande wa kushoto. Ukiamka, keti ukingoni mwa kitanda, hesabu mpaka thelathini, ndipo usimame huku umeshika kitu.

Na toka kwenye kile kiti. Lala kitandani, mito miwili, ubavu wa kushoto, mpaka siku ya kliniki. Umelala umekaa wiki tano, shingo na mgongo navyo vina haki yao.

Ukishatoka kwa daktari, subiri siku mbili, kisha mume wako akiwa karibu, lalia kulia na uhesabu. Niandikie umefika ngapi.